Mfuko Kwenye Buti

Jamani, mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni kanisani kwetu huku ughaibuni kuendesha gari kwenye theluji! Usifunge breki ghafla, kaa mbali na gari la mbele, na buti lisikose mfuko wa mchanga, ili ukikwama uumwage chini ya tairi.

Siku ya harusi ya mpwa wangu nikakwama mlangoni mwa ukumbi, kule Bloomington, mbele ya wanafunzi wangu wote. Wakataka kunisukuma.

"Acheni! Leo mtajifunza kwa macho!"

Miwani yangu ilikuwa imejaa ukungu. Nikapapasa kwenye buti, nikapasua mfuko, nikaumwaga wote chini ya tairi, kisha nikakanyaga mafuta taratibu. Gari likatoka! Nikapiga honi, nikashuka nikicheza, nao wakanipigia makofi.

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Baba Neema, niletee mchele wa pilau. Niliuweka kwenye buti asubuhi. Mchanga wako nimeuacha nyumbani."

Nikafuta miwani. Mwanafunzi mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye tairi.

"Mwalimu," akauliza kwa adabu, "ni lazima uwe basmati?"