Masikio ya Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba alikaanga kwa masikio. Kila Jumamosi Evelyne, mpangaji wake pale Hamugembe, alimkuta akichovya biskuti za krimu kwenye rojo la unga, kama wauzaji wa kwenye maonyesho, na kuzitumbukiza katika karai la mafuta. Kisha aliinamisha kichwa, sikio likielekea karai, akingoja mlio upungue ndipo aziopoe.

Jumamosi iliyopita mafuta yalipiga kelele hadi yakarukia ukuta, naye bado ameinama, uso umemkunjamana.

“Mbona leo yamenyamaza?” aliuliza.

Evelyne aliduwaa. “Yanalia, mama! Zinaungua!”

Mama akamtazama midomo, akatabasamu. “Ndiyo, sukari nimeshatia.”

Moshi ulipotanda, Evelyne akaliepua karai mwenyewe. Mama alizitazama zile biskuti nyeusi. Alijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akachagua iliyoungua kidogo, akampa.

“Onja,” alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng’ambo ya migomba. “Nzuri?”

Evelyne alitafuna ule uchungu, akamshika mkono, akaitikia kwa kichwa.