Kitambaa cha Mashine ya Dhahabu

Siku mume wangu alipovunja kitanda cha wageni ili apate mbao za mashine yake, nilimtukana kwa Kinubi, lugha asiyoijua vizuri, nipate kusema yote bila kuleta vita. Yeye ni Mlugbara wa Ayivu, huko karibu na Arua, mimi Mnubi wa hapa Koboko, mpakani na Kongo, na nyumbani tunasikilizana kwa Kiswahili. Alicheka, akakohoa, akaendelea kung'oa misumari.

Kikohozi kile ndicho kilichoninyima raha. Alikuwa amechimba dhahabu misimu miwili kwenye kijito nje ya mji, na kifua chake kilizidi kuharibika. Wakati wa mvua alisafisha udongo kwa karai. Kiangazi kijito hukauka, na wanawake wa kisima cha pampu hawakubali maji ya kunywa yaoshe udongo. Najua, maana nilikuwa miongoni mwa waliowafukuza wachimbaji na madumu yao. Kwa hiyo kiangazi alikuwa akienda Ayivu kwa ndugu zake, akalima mihogo, kifua kikapumzika.

Mwaka huu mchimbaji mmoja kutoka upande wa Kongo alimweleza habari ya mashine isiyotaka maji. Unamwaga udongo mkavu kwenye sanduku lililoinama, hewa inapigwa kutoka chini kupitia kitambaa, vumbi linaruka, na dhahabu kwa uzito wake inabaki nyuma ya vibao vilivyokingamishwa ndani yake. Ni kupepeta tu, kama tunavyopepeta mtama. Niliposikia hivyo niliomba ishindwe. Nasema wazi. Nilitaka aende Ayivu.

Aliijenga wiki mbili uani. Mbao za kitanda zikawa sanduku, waya wa dirisha ukawa chekeche, na pedali ya baiskeli kuukuu ikasukuma mfuko wa hewa kama ule wa mhunzi. Kisha ikabidi ijaribiwe, na huwezi kujaribu mashine kwa dhahabu usiyo nayo. Unachanganya udongo na vipande vya madini ya risasi ulivyovihesabu, kwa kuwa nayo ni nzito, halafu unaona vimebaki vingapi. Akanituma sokoni. Nami, bila kufikiri, nikasimama mbele ya muuza vipuri vya magari nikasema kwa sauti, "Iko na risasi? Mimi nataka kidogo tu."

Kikombe kilimponyoka mkononi. Hapa Koboko kila nyumba ina habari zake za askari, na sisi Wanubi tunazo kuliko wote, maana baba zetu wengi walikuwa jeshini.

"Mama," alisema polepole, "sisi hapa iko watu ya amani."

"Ile ya gurudumu, wewe! Ile inabandikwa kwa gari!"

Tulicheka mpaka machozi yakatoka, akanikatia vipande ishirini.

Mara ya kwanza vilibaki saba. Mume wangu aliinua sanduku, akaliteremsha, akakanyaga pedali mbio, akakanyaga taratibu. Tisa. Sita. Siku ya nne alikaa chini vumbini.

"Mama Watoto, imenishinda. Kesho mimi naenda Ayivu."

"Nenda," nilisema. "Mihogo iko inakungoja."

Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Kilichobaki ni kuingia jikoni na kunyamaza.

Lakini mimi ni fundi cherehani, na macho yangu yalikuwa yameliona kosa tangu siku ya kwanza. Alikuwa ametandika turubai, tena kaligongomea limejaa makunyanzi. Hewa haikupita katikati, ilitorokea pembeni. Siku nne kosa lile lilinikera kama mshono uliopinda kwenye nguo ya mteja. Nilishindwa kuvumilia.

"Ile mutu ya Kongo alikuambia kitambaa gani?"

"Alisema kitambaa tu."

"Kitambaa tu! Wewe unaweza kushona suruali na turubai?"

Nilijaribu kwanza chandarua, udongo laini ukapenya na kujaa kwenye mfuko. Nikachukua bafta nyeupe, ile tunayokatia sanda. Jirani yangu alijishika mdomo, akasema si vizuri. Nikamwambia nguo ni nguo. Bafta mpya ina wanga unaoziba matundu, hivyo niliifua mara tatu, nikaipiga pasi, nikaivuta juu ya fremu mpaka ikalia nilipoigonga kwa kidole. Niliinua kichwa cha sanduku kwa kipande cha tofali, nikamwambia akanyage kwa mpigo mmoja bila haraka.

Vilibaki kumi na tisa.

Nilipiga kigelegele. Hata nguo za harusi hazijanifurahisha namna ile. Mume wangu alizunguka ua mzima akipiga kelele, "Inapumua! Ona, inapumua muzuri!"

Hakwenda Ayivu. Kila jioni alirudi na nyusi nyeupe kama mtu wa kinu cha unga. Nilimshonea kitambaa cha kuziba pua, akakivaa siku moja, akasema kinamkaba. Nilimfokea, nikaificha pedali, akaitafuta akaipata. Punje za dhahabu aliziweka kwenye kichupa cha dawa, akakitikisa mbele yangu, nami nikatazama. Bafta ilichanika mara mbili. Mara zote mbili niliitia kiraka mimi mwenyewe, kwa uzi mzuri.

Mvua zilipokaribia hakuweza tena kukanyaga pedali. Nilimpeleka hospitali Arua. Daktari, binti mdogo tu, aliielekeza picha ya kifua dirishani akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza hilo vumbi amelivuta wapi.

Mume wangu akachangamka kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. Alieleza sanduku, mteremko, vipande vya risasi, akitua kila baada ya maneno machache kutafuta pumzi.

"Mbele ilikuwa nashindwa, daktari. Mimi nilisema naenda nyumbani. Halafu huyu bibi yangu akaona kosa. Yeye tu. Bila yeye ile mashini haiwezi kufanya kazi."

Akanishika mkono kwa fahari. Nilitamani anitukane. Daktari aliweka picha mezani, akanigeukia.

"Kweli, mama? Wewe ndiyo fundi?"

Nilisema ndiyo.