Ada Iliyogeuka Mshahara

Nilikuwa karani kwenye ghala moja la Midrand, Afrika Kusini, na kampuni ilinilipia masomo ya jioni ya uchukuzi. Nilisaini mkataba kwamba nikiacha au nikifeli, nitairudisha ada yote. Ulipofika msimu wa kodi, hati ya mapato niliyopewa na mwajiri ilionyesha nimepata zaidi ya nilichoshika mkononi. Nikajaza kama ilivyoandikwa. Jibu likaja kwamba nadaiwa.

“Unaona? Hii masomo inatukula,” mume wangu alisema bila kuinua macho kwenye cherehani yake. Tuliishi Berea, chumba kimoja, na yeye alishonea humo humo. “Acha tu.”

“Nikiacha, kampuni nayo itanidai.”

Akaendelea kushona.

Nilikwenda ofisi ya kodi na risiti za shule ya binti yetu pia, kwa kuwa jirani yetu Mrundi, msusi wa Hillbrow, aliniapia kwamba wazazi hupunguziwa. Afisa alizisukuma zikanirudia.

“Sisi, karo ya mtoto haipunguzi kodi.” Kwao sisi ni dada, lakini masikioni mwangu ilikuwa kama amejihesabu pamoja nami, na hofu ikapungua. Nikamwonyesha hati ya mwajiri. Akaisoma taratibu, akauliza kuhusu masomo yangu na mkataba.

“Wamekuhesabia ada kama mshahara, na ufadhili wa namna hii si mshahara,” akasema. “Ila mimi siwezi kubadilisha. Mwajiri wako ndiye atoe hati nyingine.”

Kazini, mama wa ofisi ya mishahara hakunitazama. “Ndivyo kompyuta inavyofanya.”

Ningeishia hapo. Mgeni mwenye kibali cha muda hujifunza kutobishana na watu wa ofisini. Lakini kila mapumziko ya mchana nilirudi na mkataba wangu, nikasimama mlangoni, hadi siku moja akaupokea kwa kuchoka tu. Aliusoma hadi mwisho, akafungua kabati lake, akatoa hati yake mwenyewe.

“Eish,” akasema. “Na mimi wamenifanyia hivi hivi.” Naye alikuwa akisomeshwa uhasibu na kampuni.

Alimpigia mhasibu mkuu simu nikiwa bado nimesimama, akagombana naye kwa Kizulu. Hati mpya zikatoka, yangu na yake, na deni likafutwa.

Nilifaulu mtihani. Siku ya vyeti mume wangu alikuja na koti aliloshona mwenyewe, akawaambia waliokaa karibu naye kwamba yeye ndiye aliyenihimiza nisome. Sikumkatiza.