Mkunga wa Zinga na Ukwato wa Zumari

Mwanamkasi binti Mrisho alikuwa mkunga, na watu wa Zinga hadi Kerege walimjua kwa mlio wa punda wake kabla hawajamwona mwenyewe. Punda huyo, jike la kijivu, aliitwa Zumari kwa ajili ya mlio huo. Magoti ya Mwanamkasi yalikuwa yamekwisha. Hata kisimani alifika kwa kujikongoja. Bila Zumari, watoto wa watu wangezaliwa yeye yu njiani bado.

Mwaka ule, vita vya Wazungu vimeisha karibuni, masika ilinyesha mpaka banda la Zumari likawa tope tupu. Kwato zake zilirefuka, zikapanuka, akaanza kuchechemea. Ramadhan, mwana wa Mwanamkasi aliyefanya kazi ya kupakia malori Dar es Salaam, alikuwa ameona huko farasi waliovalishwa vyuma miguuni. Alipokuja kumtazama mama yake akatafuta mhunzi, na Zumari akapigiliwa vyuma miguu ya mbele.

"Sasa atakwenda kama gari," Ramadhan akasema, akarudi kazini amefurahi.

Haikupita wiki, Zumari akaacha kabisa kuukanyaga mguu wa kulia. Alisimama ameuning'iniza, masikio yamelala, majani hayataki.

Mwanamkasi alikosa raha. Kule Kerege, Ashatu, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa na mimba ya kwanza, nayo imekwisha kuwa pevu. Mama yake Ashatu alikuwa amefariki kwa kutokwa damu baada ya kumzaa binti huyo huyo, mikononi mwa Mwanamkasi. Tangu siku ile alikuwa amezalisha wanawake wengi, wote kwa salama, lakini hakuna uzazi aliouogopa kama huu.

"Muache huyo punda, dada," jirani mmoja akamwambia. "Kilema hakibebi mtu."

Jirani mwingine, Ashura, ndiye aliyemkumbuka Kibwana wa Bagamoyo, mtu aliyekulia katika mabanda ya punda wa Waarabu. Yeye hakuwa akivalisha wanyama vyuma. Alikuwa akichonga kwato tu, basi. Akatumiwa salamu kupitia wachuuzi, na kesho yake asubuhi akaja na mkoba wa ngozi begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa wangu ndiye huyo."

Kibwana hakuushika mguu mara moja. Kwanza alimsimamia Zumari ubavuni, akimkuna shingo na kumsemesha taratibu. Kisha akashuka na mkono begani, gotini, mpaka kwenye ukwato.

"Una moto," akasema. "Weka kiganja hapa."

Mwanamkasi akaweka. Kweli, ulichemka kama paji la mtoto mwenye homa.

Kibwana akaing'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo, akavua vyuma vyote viwili. Akaugeuza ukwato wa kulia, akaanza kuukwangua kwa kisu chenye ncha iliyopinda. Ghafla usaha mweusi ukaruka, na harufu yake ikamrudisha nyuma Ashura, aliyekuja kutazama. Zumari akashusha pumzi ndefu, akakilaza kichwa begani kwa Kibwana.

"Alhamdulillahi," akasema Kibwana. "Umetoka."

"Ni chuma kilichofanya haya? Mwanangu ndiye aliyekitaka."

"Tope lilikuwa limeshauozesha ukwato, bibi. Msumari ukakuta mlango wazi. Mwanao alikutakia heri."

Mwanamkasi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Tangu Zumari aache kuukanyaga mguu alikuwa akitafuta kosa la kumlaumu Ramadhan, na sasa hakulihitaji tena.

Kibwana akachemsha pumba na chumvi, akaufunga ukwato ndani ya kipande cha gunia. Akaagiza banda lihamishiwe palipo pakavu, na mbele yake imwagwe changarawe, ili kwato ziwe ngumu kwa kukanyaga. Akawa anakuja kila baada ya siku kadhaa kuzipunguza kwa tupa, na siku moja akampa Mwanamkasi ile tupa.

"Mimi? Kwa magoti haya?"

"Unavitoa vichwa vya watoto wasiotaka kutoka, utashindwa na mguu wa punda? Kaa kwenye kigoda, uulaze pajani. Hicho kinyama laini cha katikati usikiguse. Piga tupa kingoni tu, kidogo kidogo."

Mara ya kwanza Zumari aliupokonya mguu wake, Mwanamkasi akaanguka chali, wakacheka wote. Mara ya pili punda akatulia.

Siku moja, adhuhuri imeadhiniwa, Haji, mumewe Ashatu, akafika mbio kwa baiskeli. "Mama mkubwa, uchungu umeshika!"

Kibwana hakuwapo wa kuulizwa. Mwanamkasi aliunyanyua mguu wa kulia mwenyewe, akaubonyeza kwa dole gumba, akaunusa. Mkavu, wa baridi. Akatandika, akapanda.

Njia nzima alikuwa akisikiliza. Alingoja ule mdundo wa kuchechemea, asiusikie. Walipofika penye kokoto alifumba macho, na Zumari akapita kama aendaye sokoni.

Ashatu alijifungua jua likielekea kuzama, mtoto wa kike mwenye sauti ya ugomvi. Lakini Mwanamkasi hakupiga kigelegele. Alingojea mpaka kondo la nyuma likatoka zima, akakanda tumbo, akatazama damu ikipungua, ikipungua, mpaka ikawa ile ya kawaida ya wazazi wote.

"Mama mkubwa, mbona unalia?" Ashatu akamuuliza.

"Silii, mwanangu. Mpeni mtoto nyonyo."

Ndipo alipopiga kigelegele, na nyumba nzima ikamwitikia. Wakamletea uji. Kabla hajaufikisha nusu usingizi ukamchukua, ameegemea ukuta, na Haji akakitoa kibakuli mkononi mwake polepole asimwamshe.