Makafi Mawili ya Rovena

Watoto wote wa kijiji chetu huku visiwani Marovo walifundishwa mtumbwi na Rovena. Aliupindua makusudi karibu na gati, akawaacha wakohoe maji ya chumvi, kisha akawauliza, “Mtumbwi ni mti. Mti unazama?” Hauzami. “Basi nani anauachia?” Hakuna.

Ijumaa ile alikuwa shambani ng’ambo, kwenye kisiwa cha mwamba, pamoja na mdogo wake Asita. Walivuna viazi vingi, na nyumbani pudini ya Sabato, ile mihogo ya kukunwa, ilikuwa bado haijafukiwa kwenye mawe ya moto. Jua likishazama, Sabato imeingia. Hakipikwi kitu, wala haupakuliwi mzigo.

“Dada, tukatize mlango wa bahari,” Asita alisema. “Tukizunguka na mikoko tutachelewa nusu saa, tufike gizani.”

“Maji yanatoka kwenda bahari kuu. Na tumejaza mno.”

“Unataka kanisa zima lituone tunashusha viazi ndani ya Sabato? Sisi, watoto wa mzee wa kanisa?”

“Una haraka kama kuku aliyeona kisu,” Rovena alisema akicheka, lakini akaugeuza mtumbwi.

Katikati ya mlango, mkondo ulikutana na upepo, mawimbi yakasimama wima. La pili likaujaza mtumbwi. Kifuu cha kukumbia maji kilikuwa chini ya viazi. Wakajikuta majini wameushika mtumbwi, makafi yote mawili yakielea hatua kumi hivi kutoka kwao.

“Yaache, dada.”

“Bila kafi tutawahi vipi?” Rovena akaachia.

Aliyapata. Aliyainua juu Asita ayaone. Lakini upepo uliusukuma mtumbwi upesi kuliko mtu anavyoogelea, na Asita hakuwa na cha kuurudishia. Alimwona dada yake akizidi kuwa mdogo, kichwa tu, kisha maji.

Kijijini walidhani wamelala kwenye kibanda cha shamba, kama wafanyavyo wanaopitwa na jua. Asubuhi habari ilipofika kwamba kibanda ni kitupu, waumini waliacha wimbo katikati. Mchungaji, na tai yake shingoni, alivuta mwenyewe kamba ya injini ya boti, siku ya Sabato. Walimkuta Asita nje ya mwamba, vidole vimekakamaa kwenye mtumbwi. Rovena hawakumpata. Jumanne maji yalileta kafi moja.

“Tuliogopa kuchelewa, mchungaji,” Asita alimwambia.

“Nusu saa, mwanangu. Nani angewafukuza kwa nusu saa?” Akalia mbele ya watu.

Rovena amelala baharini hadi asubuhi ya ufufuo. Hilo Asita analiamini. Nusu saa ile ndiyo hajui aiweke wapi.

Sasa kila Ijumaa, kengele ya Sabato ikilia, yeye hapandi kanisani kwanza. Hushuka gatini. Akiona mtumbwi uliochelewa, huingia majini na gauni lake jeupe, akapokea viazi. Wenye mtumbwi huanza kujitetea kwa kuchelewa.

“Nyamazeni,” huwaambia. “Nipeni kapu hilo.”