Togwa ya Osmund

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya wanaume, Matroni alinikabidhi mizani, utepe wa kupimia na mgonjwa mmoja: Osmund, mkulima wa kahawa kutoka Ukata. Macho yalikuwa manjano, miguu imevimba, tumbo limejaa maji. Wenzake wodini walimuuliza atajifungua lini.

Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, alitufundisha palepale kitandani. "Hili ni ini lililosinyaa. Pombe imeliachia makovu, na penye kovu ini halifanyi kazi. Kovu hatuliondoi. Tunalinda kilichobaki."

Tulimpa dawa ya kukojoza, tukampunguzia chumvi. Tumbo likapungua, akaenda nyumbani akicheka, kwa sharti la kutoonja pombe tena.

Msimu wa kulima ulipofika akarudi, amevimba kuliko kwanza. Nilimfokea.

"Mwanangu, hata shikamoo hakuna?" alisema. "Kwetu mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mlimani, hayachimbwi na mtu mmoja. Majirani wanakuja ngokela, wanalima kwako, kesho unalima kwao, na kibuyu cha pombe kinazunguka. Nilikikataa, wakasema nawaona wachawi, eti naogopa watanitilia sumu. Hakuja mtu shambani kwangu. Watoto wale nini? Nikanywa."

Matroni hakutoa hotuba. Osmund alipopata nafuu, tulimsindikiza hadi kwa jirani yake, Bibi Kolumba, siku ya ngokela ya bibi huyo. Matroni alimwamkia, akamweleza habari za makovu, watu wote wakisikiliza.

"Kumbe anayekataa si Osmund," bibi akasema, "ni ini lake?"

"Ndiyo, bibi. Akiendelea kunywa, mtamzika."

Bibi Kolumba akaingia jikoni, akatoka na kibuyu cha togwa, kinywaji cha nafaka kisicholevya. Akaonja yeye kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa, akampa Osmund. "Kunywa, mwanangu. Kesho tuko kwako." Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Baadaye nilihamishiwa ziwani, Mbamba Bay. Huko niliwakuta wenye ini lililosinyaa ambao hawajaonja pombe maishani. Wao waliharibiwa na virusi vya homa ya ini. Tuliwapima na jamaa zao, wasioambukizwa tukawachanja. Kila mgonjwa nilimuuliza kwanza anaishi na nani, anakula na nani. Dawa peke yake hailimi shamba.

Sasa nimestaafu, nina kashamba kangu ka ngoro huko Ukata. Ngokela yangu ya kwanza, aliyetangulia kufika alikuwa mzee mwembamba, jembe begani, kibuyu cha togwa mkononi. Makovu yake anayo bado. Osmund akaonja kwanza, akaninyooshea kibuyu.

Sikukipokea mpaka nilipompa shikamoo yake.