Kulaza Nyasi Ukutani

Enzi zetu kule Ruanda, wilayani Mbinga, mtoto hakuulizwa akikua atakuwa nani. Aliulizwa jembe lake liko wapi. Langu lilikatwa mpini ukawa mfupi kwa ajili yangu, na nililichukia kwa moyo wote. Sikuwa mvivu, jamani. Nilichotaka ni kazi ya Baba, ya kulaza nyasi.

Wenzangu mliokulia milimani mnajua ninachosema. Wengine niwaeleze kidogo. Mvua zikielekea ukingoni, mwezi wa tatu, mwanamume wa Kimatengo hufyeka nyasi kwa nyengo, ule mundu wetu wa mpini mrefu, huziacha zikauke, kisha huzilaza mistari mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikiukata, mpaka shamba zima linakuwa miraba. Ndipo wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote. Hiyo ndiyo ngolo. Maji yanatuama mashimoni badala ya kukimbia na udongo, na maharage tunapanda kwenye tuta.

Baba akianza kulaza, mimi nilisahau hata njaa. Alikwenda kinyumenyume, hana kamba wala kipimo, kitita cha nyasi kwapani, na mstari ukanyooka wenyewe. Zilinukia vizuri zile nyasi, harufu ya jua na vumbi. Mchana tulikaa kando ya shamba tukala ugali wa baridi na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliotuletea Shangazi kutoka Lipingo, kule ziwani alikoolewa, tukigombania vichwa maana ndivyo vitamu. Mama alisema mtoto asiyekula kichwa cha usipa hatafaulu hesabu. Nilivila vingi sana, na hesabu hazikunijua.

Siku moja, nikiwa darasa la tatu, Baba alikwenda kivulini kunywa togwa. Nikachukua kitita, nikalaza mraba mmoja peke yangu. Nilikuwa nausifu moyoni aliporudi. Hakunipiga. Aliinama, akazikusanya zote, akazilaza upya, akasema bila hata kunitazama, "Mtoto wa kike halazi nyasi. Shika jembe." Ningependelea fimbo. Nililia mpaka Mama akanifuta na ncha ya khanga, akanipa kiazi cha kuchoma nikae kimya.

Tangu siku hiyo nililaza nyasi kila mahali pasipo shamba. Nilichora miraba mchangani kwa kijiti, nikachora kwenye jalada la kila daftari, hadi mwalimu akaniuliza kama kwetu tunauza madirisha.

Leo mimi ni msanii. Nawamba magunia ya kahawa kwenye fremu, nashonea nyasi kavu kwa uzi, napaka udongo mwekundu, na pembeni naweka vipande vya nyavu chakavu anavyonitumia Shangazi, kwa sababu mlima na ziwa vimelishana siku zote: usipa wanapanda, maharage yanashuka. Watu huniuliza wazo nalitoa wapi. Wasanii wenzangu wakiulizwa hivyo hutazama dari kwanza. Mimi nasema kweli tu, kwamba nafanya nilichokatazwa.

Miaka mitatu iliyopita nilionyesha kazi zangu kwenye ukumbi wa kanisa pale Mbinga mjini. Baba alikuwa hajawahi kuziona. Kwake mimi nilikuwa mjini nabandikabandika vitu. Nilimwalika, kisha nikaomba mvua kubwa inyeshe asije. Akaja, juu ya bodaboda, amevaa koti la misa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa ukutani.

Afisa mmoja, mgeni wa mkoa huu, alikuwa ameshanipongeza kwa kuchora nyavu za goli. Vijana walikuwa wameipa kazi yangu mgongo, wakijipiga picha, sanaa ikaonekana kidogo nyuma ya masikio yao. Baba yeye alisimama mbele ya ile kubwa kuliko zote, akaifuata mistari kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Mteremko uko wapi?" akauliza.

Nikasema huu ni ukuta tu, Baba, hauna mteremko.

"Basi maji yataelekea wapi?"

Nikaitazama upya. Miraba yangu yote ilikuwa sawasawa, mizuri, na hakuna hata mmoja ambao ungezuia tone. Baba akaagiza ishushwe. Tukailaza juu ya mabenchi mawili, tukainua upande mmoja kwa vitabu vya nyimbo, na mzee akavua koti. Akafumua mistari ya juu, akaanza kuilaza upya. Alipofika katikati mgongo ukamkatalia. Akajinyoosha polepole, akanishikisha nyasi zilizobaki.

"Malizia, mama. Mkono wako mwepesi."

Nilimalizia mbele ya watu wote, machozi yakinitoka bila aibu. Kazi ile siiuzi.

Siku hizi ukipita Ruanda unaona matuta marefu yaliyonyooka. Vijana wanasema ngolo inachosha, wao wanajifunzia kilimo kwenye simu. Bando likiisha na kilimo kimeisha. Siwalaumu sana, maana mimi mwenyewe nililikimbia jembe. Enzi zile mlima mzima ulikuwa miraba, nami sikuruhusiwa kulaza hata mmoja. Sasa kila mwezi wa tatu Baba ananipigia simu nikamlazie nyasi, na ngolo zilizobaki ni zile za nyuma ya jiko, eneo dogo kama chumba cha kulala. Naenda. Nalaza polepole, makusudi, ili lisiishe mapema.